Dawa za mitishamba za kupaka kwenye kidonda cha sukari: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa na watu wa Tanga mjini, Pongwe, Muheza mpaka Pangani, maana yanajirudia, na wengi mnauliza wakati mgonjwa tayari yuko na bandeji yenye jani ndani. Mimi ni nesi, kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda, na nimelelewa kwenye nyumba ambayo kila mti uani ulikuwa na kazi yake, kwa hiyo msitegemee nitawatukana bibi zetu. Miti ni dawa, hata metformin ambayo wagonjwa wengi wa sukari wanameza asubuhi na jioni chanzo chake ni mmea wa Ulaya unaoitwa Galega. Ila kidonda cha mguu cha mtu mwenye sukari sio kidonda cha kujikata na kisu jikoni, na hapo ndipo watu wanapopoteza miguu.

Kwanini kidonda cha mwenye sukari hakiponi kama vya watu wengine?

Kuna mambo matatu yanaenda pamoja. La kwanza ni ganzi. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, inaanzia vidoleni inapanda, mpaka mtu anakanyaga mwiba au anatembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima na hasikii kitu. La pili ni damu, mishipa inaziba na kuwa myembamba, kwa hiyo damu yenye hewa safi na chakula cha kulisha nyama ya mguu haifiki vizuri kule chini. La tatu ni kinga, sukari ikiwa juu zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu zinafanya kazi kivivu, alafu vijidudu vyenyewe vinajistarehesha.

Hiyo ganzi watu hawaielewi mpaka waione. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambae amefanya kazi ya miguu ya sukari miaka mingi, yeye na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa hapa hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala na hawakushtuka. Fikiria panya anakutafuna kidole na wewe umelala. Ndo maana namwambia mwenye ganzi alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na sio kwa ajili ya mbu tu.

Sasa ukiyaelewa hayo matatu utaelewa kwanini dawa ya kupaka peke yake inashindwa. Unapaka juu, wakati ugonjwa uko ndani na mguu bado unakanyagiwa.

Kwa hiyo hakuna dawa ya mti ya kupaka ambayo imethibitishwa?

Ipo moja ambayo naitaja kwa moyo mweupe kabisa. Taiwan wametengeneza krimu inaitwa ON101, imetokana na mimea miwili, mmoja ni Plectranthus amboinicus, huo ni wa jamii ya mrehani na kivumbasi, una majani manene yenye harufu kali, na wa pili ni Centella asiatica, ule unaotambaa sehemu zenye majimaji. Waliijaribu kwa wagonjwa 236 wenye vidonda vya miguu vya sukari, matokeo yakatoka 2021. Kwa wiki 16 waliopakwa krimu walipona kabisa asilimia 60.7, na waliofungwa dresingi ya kawaida ya kunyonya majimaji walipona asilimia 35.1. Tofauti kubwa hiyo, sio ya kudharau.

Lakini angalia ilivyofanyika. Wale wagonjwa vidonda vyao vilisafishwa kwanza na nyama iliyokufa ikatolewa, walichaguliwa ambao damu inafika mguuni, hawakuwekwa wenye mfupa ulioingiliwa na vijidudu, na krimu yenyewe imetengenezwa kiwandani kwa kipimo kile kile kila tyubu. Hakuna aliyetwanga jani kwenye kinu cha pilau akabandika. Mtu akikwambia "hata Wazungu na Wachina wanatumia majani" mwambie sawa, ila uliza na hayo mengine yote walifanya?

Alafu kuna kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, mwongozo wao wa 2023 unasema wazi kwamba dresingi zenye dawa za mitishamba zisitumike kwa lengo la kuponyesha kidonda cha mguu cha sukari, na asali nayo wakaiweka humo humo. Sababu sio kwamba miti haina kitu, ni kwamba tafiti nyingi ni ndogo na zimefanywa hovyo, na mgonjwa hana muda wa kubahatisha. Mimi nakubaliana nao. Nikiwa na mguu wa mama yangu mbele yangu ningetaka kwanza vile vitu ambavyo vina uhakika.

Asali je? Kwetu Handeni asali mbichi inapakwa kila kidonda

Asali ndo swali namba moja, na ina haki ya kuulizwa. Asali ina sukari nyingi sana kuliko maji kwa hiyo inavuta majimaji kwenye kidonda na kuwanyima vijidudu maji, ina uchachu, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa kidogo kidogo ile haidrojeni peroksaidi. Kwa vidonda vya moto ambavyo havijaingia ndani sana ushahidi wake ni mzuri. Kwa kidonda cha mguu cha sukari ushahidi ni dhaifu, ndo hivyo.

Na asali inayotumika hospitali za nje sio ile ya chupa ya Konyagi inayouzwa njia panda. Ile imepigwa mionzi ya gama kuua mbegu za vijidudu, Marekani waliruhusu dresingi ya aina hiyo 2007. Asali ya mzinga inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa hatari zinazokaa humo bila kufa, ina vipande vya nta, miguu ya nyuki, vumbi, na ya mjini nyingine imechemshwa na sukari guru ikawekewa rangi. Hata kama ni asali safi ya shangazi yako kutoka Kilindi, safi ya kula sio sawa na safi ya kuweka kwenye nyama wazi iliyo karibu na mfupa.

Kama daktari au nesi anayekufunga amekubali asali, na anayo ile ya kitabibu, mfuate. Vinginevyo ile ya mzinga iliwe na familia, kidonda cha mgonjwa kiachwe.

Na mnaouliza kama asali ya kupaka inapandisha sukari mwilini, kidonda kidogo hakina shida hiyo. Kinachopandisha sukari ni maambukizi yenyewe. Ukiona sukari iliyokuwa inasoma 8 ghafla inasoma 18 na hajabadili chakula, fungua bandeji uangalie.

Mshubiri?

Mshubiri una vitu viwili ndani na watu wanavichanganya. Ukikata jani, pembeni chini ya ganda inatoka maji ya njano machungu, hayo yanawasha na kuchubua ngozi. Katikati kuna ute mweupe unaong'aa, huo ndo mpole na unatumika kwenye mafuta ya ngozi na kuungua kidogo. Nyumbani ni ngumu kutenganisha vizuri, na jani limekatwa uani ambako kuku wanapita. Kwenye ngozi nzima iliyokauka, ute wa mshubiri sina ugomvi nao. Kwenye shimo la kidonda cha unyayo, hapana.

Manjano na unga wa miti?

Hapa ndo nakasirika kidogo, na niseme nilichokiona mara nyingi. Mgonjwa anakuja mguu umefungwa kitambaa cha kanga, ukifungua unakuta gamba la njano limekauka gumu kama udongo, limeshikana na nyuzi za kitambaa. Anaefuatana nae anakwambia "sista kimeshakauka hicho, kimebaki kidogo tu". Unalowesha gozi kwenye maji ya chumvi ya hospitali, unaiweka juu, unasubiri gamba lilainike, alafu unalinyanyua kwa pembeni taratibu. Chini yake ni usaha, tena wa muda, umekuwa unatafuta njia ya kutokea ukakuta juu pamezibwa, ukarudi ndani kufuata mishipa ya kano kuelekea katikati ya unyayo. Mgonjwa mwenyewe anaangalia ukutani, hasikii chochote.

Unga wowote unafanya hivyo, manjano, mkaa, magome yaliyosagwa, unga wa mlonge. Unatengeneza kifuniko. Na tatizo jingine la manjano ni rangi, mimi natibu kwa macho, nataka nione kama pembeni pamekuwa pekundu, kama kidole kinaanza kuwa cheusi, kama nyama ya chini ni nyekundu hai au ni ya kijivu iliyokufa. Ukishanipakia njano pote umenifumba macho. GV nayo hivyo hivyo, zambarau yote, huoni kitu.

Kwenye mchuzi manjano hayana shida, weka.

Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa kuoshea kidonda?

Kwa yote ya nyumbani hili lina afadhali kidogo, maana angalau yamechemshwa. Mwarobaini umejaribiwa maabara na unaua baadhi ya vijidudu kweli. Shida yangu ni vile inavyofanyika, maji yanachemshwa asubuhi yanakaa kwenye beseni mpaka jioni, yanarudiwa kupashwa, na mguu unalowekwa humo nusu saa. Ngozi ya mguu wa sukari ikilowekwa muda mrefu inakuwa nyeupe inajikunja na kupasuka, hasa katikati ya vidole, na ndipo vijidudu vinapopata mlango mpya. Kidonda cha sukari hakilowekwi. Kinaoshwa kwa kumiminia, kinakaushwa pembeni, kinafungwa.

Papai bichi, nasikia linakula nyama iliyooza

Ni kweli linakula. Papai bichi lina kimeng'enya kinaitwa papeini kinachoyeyusha protini, na kuna hospitali Afrika ziliwahi kutumia papai lililopondwa kwa watoto walioungua moto kuondoa nyama iliyokufa. Ila Marekani mwaka 2008 walizuia dawa za kupaka zenye papeini ambazo hazikuwa na kibali kwa sababu watu walipata mzio mkali, wengine presha kushuka ghafla na moyo kwenda mbio. Alafu kuna jambo moja halisemwi: kwenye mguu ambao damu haifiki, nyama nyeusi iliyokauka wakati mwingine inaachwa makusudi ibaki kavu mpaka daktari wa mishipa aangalie. Ukiiyeyusha na papai unageuza kidonda kikavu kuwa kibichi chenye maambukizi. Kuamua nyama ipi itolewe na ipi iachwe ni kazi ya mtu aliyeshika mapigo ya damu ya mguu huo kwanza.

Mafuta ya nazi, habasoda, mafuta ya karafuu?

Mafuta ya nazi nayapenda mno, na hili ni jambo ambalo pwani tunalo bure. Ngozi ya mguu wa sukari inakauka kwa sababu jasho halitoki vizuri, kisigino kinapasuka, na ule mpasuko ndo unakuwa kidonda. Kila usiku paka mafuta ya nazi kisiginoni na juu ya mguu, ngozi ikiwa nzima, usipake katikati ya vidole maana kule unyevu unaleta fangasi. Hiyo ni dawa ya kupaka ya kienyeji ambayo nawasisitiza wagonjwa wangu wote, ni ya kuzuia kidonda kabla hakijaja. Kikishafunguka mafuta weka pembeni.

Habasoda nayo ni hivyo hivyo, kwenye ngozi nzima sawa. Mafuta ya karafuu ni makali, yanaunguza, na mwenye ganzi hatasikia yakimuunguza. Usiyaguse kabisa.

Kutembea baharini, maji ya chumvi si yanakausha?

Jamani hili linaua. Watu wanatoka asubuhi wanashuka ufukweni kuloweka kidonda, wavuvi wa pale Deep Sea hapa Tanga nao wanaingia majini na vidonda wazi kwa sababu kazi ni kazi. Maji ya bahari ya joto kama yetu yana bakteria wa jamii ya vibrio, na mmoja wao anaitwa Vibrio vulnificus akiingia kwenye kidonda cha mtu mwenye sukari au ini bovu anaweza kula nyama ndani ya siku moja mbili mpaka sumu ikasambaa kwenye damu. Na chini kuna kome, matumbawe, na chupa zilizovunjika ambazo mguu wenye ganzi hauzisikii. Mvuvi mwenye kidonda akae nchi kavu mpaka kifunge, najua ni riziki inakatika, lakini mguu ukikatwa riziki inakatika moja kwa moja.

Maji ya moto pia. Kukanda mguu ili "damu itembee" kumeunguza watu wengi, kwa sababu mgonjwa anasema maji ni ya uvuguvugu wakati yanachemka. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, na apime mtu mwingine asiye na ganzi.

Unga wa kapsuli, spiriti, majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya breki?

Vyote hapana. Mavi na udongo vinaleta pepopunda. Spiriti na ile dawa ya kutoa povu zinaua vijidudu na zinaua pia nyama mpya inayoota. Kufungua kapsuli za antibayotiki na kunyunyiza kunawazoesha bakteria dawa na kunatengeneza lile lile gamba. Mafuta ya breki nimeyakuta, sijui nani alianza, acheni.

Hina kwenye miguu kwa mwenye sukari?

Hina ya majani iliyopondwa nyumbani kwenye ngozi nzima haina neno, bibi harusi au bibi mzee apake afurahi, ila ajue rangi itaficha wekundu kwa hiyo anayemkagua miguu aguse pia na asikilize joto. Piko nyeusi ya dukani ina kemikali ya kupaka nywele, inaunguza na kutoa malengelenge, mwenye sukari asiiweke mguuni kabisa. Na hina juu ya kidonda hapana.

Sasa nisafishie nini nyumbani kama nesi hayupo siku ya leo?

Nawa mikono na sabuni kwanza. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha, au weka chumvi robo tatu ya kijiko cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa, hiyo inakaribia ile ya hospitali, tengeneza mpya kila siku. Mimina juu ya kidonda, usisugue, kausha pembeni na gozi safi, weka gozi isiyoshikana na kidonda, funga bila kubana. Gozi pakiti ya duka la dawa, sio pamba, pamba inaacha nyuzi ndani. Sio plasta ya kunata moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mzee, ukiivuta inatoka na ngozi. Bandeji ikilowa ibadilishwe, usisubiri kesho.

Ni kitu gani basi kinachoponya, kama sio dawa ya kupaka?

Kutokanyaga. Naomba mlisome hili mara mbili maana ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Kidonda cha unyayo kikikanyagwa kila hatua kinapondwa upya, hata ukipaka dhahabu. Hospitali zenye uwezo wanafunga plasta ngumu maalumu mpaka chini ya goti inayohamisha uzito, au kiatu maalumu. Kwetu mara nyingi ni magongo, kukaa, kupunguza safari za msalani kwa kuweka ndoo karibu, na mtu mwingine aende Mgandini sokoni badala yake. Mama lishe aliyesimama tangu alfajiri kwenye jiko na kidonda chini ya kidole gumba, huyo hakosi dawa, amekosa wa kumshikia kazi. Familia ndo dawa hapo, wallahi. Kijana, mshikie mama yako biashara wiki kadhaa.

Na ile sugu ngumu inayozunguka kidonda lazima ichongwe na mtaalamu, kwa kisu kisafi, maana inagandamiza. Usichonge mwenyewe na wembe.

Baada ya hapo ni damu ifike, maambukizi yatibiwe kwa antibayotiki za kumeza au sindano zilizoandikwa, na sukari ishuke. Wengi wanalengwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, ila mzee sana daktari anaweza kumlegezea. Kidonda kikitunzwa hivyo kwa wiki nne kinatakiwa kiwe kimepungua karibu nusu ya ukubwa, kama hakijapungua hivyo kuna kitu kimekosewa, rudini kutafuta ni nini.

Niende hospitali lini?

Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye sukari, nenda ndani ya siku moja mbili hata kama ni kidogo. Ila hizi ni za kwenda leo hii, usiku kama ni usiku: harufu mbaya, usaha, wekundu unaosambaa, mguu kuvimba na kuwa wa moto, kidole kuwa cheusi au bluu, ukibonyeza ngozi inatoa mlio kama kuna hewa chini, homa na kutetemeka, kutapika, kuchanganyikiwa, au ukiona kitu cheupe kigumu ndani ambacho kinaweza kuwa mfupa. Mguu usiouma usikufariji, ganzi ndo imeficha maumivu.

Na mikono msisahau. Dar es Salaam walifuatilia wagonjwa kati ya 1998 na 2002 wakaona watu wenye sukari wanaanza na kuumwa na mdudu au kajeraha kadogo mkononi, mkono unavimba haraka, wengine walikatwa vidole au mkono na wengine walifariki. Ni jambo la nchi za joto kama yetu. Mkono ukivimba usianze na mafusho ya majani.

Baba hataki kwenda, anasema ukienda hospitali unakatwa

Shikamoo yake kwanza, na msimcheke, hofu yake ina sababu kwa sababu kamuona jirani ameingia na miguu miwili akatoka na mmoja. Ila muulizeni kwa upole, huyo jirani alikaa nyumbani muda gani kabla ya kwenda? Anayekwenda na kidonda kidogo kikiwa chekundu na safi anasafishwa na kurudi nyumbani. Anayekwenda mguu umeshakuwa mweusi na homa juu, daktari anabakiwa na uchaguzi wa mguu au roho. Na mkimpeleka msimdanganye kwamba mnaenda kupima presha, akigundua hatowaamini tena. Mwambieni ana haki ya kuuliza, kuelezwa kila kitu na kusema ndio au hapana kabla ya chochote kukatwa. Mtu anayeheshimiwa na baba, mjomba wake au imamu, aende nao, inasaidia kuliko kelele za watoto.

Tabibu wetu wa asili tumuache kabisa?

Sio lazima. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake linasajili waganga, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza mimea yetu kitaalamu. Na hapa Tanga tuna historia nzuri, miaka ya 90 Tanga AIDS Working Group iliwakalisha waganga na madaktari meza moja. Kwa hiyo tabibu mzuri anajulikana: amesajiliwa, anakwambia dawa imetoka mti gani, anakubali ukapimwe sukari, na akiona usaha anakwambia nenda hospitali. Anayekwambia acha sindano za insulini, au anayesema ametia dua kwenye kidonda kwa hiyo kisifunguliwe wiki nzima, kimbia. Na za kunywa mwambie daktari, baadhi ya miti michungu inashusha sukari juu ya vidonge unavyomeza na mtu anaanguka.

Nesi akikuuliza umepaka nini, sema ukweli. Na manesi wenzangu mnaosoma, tusiwagombeze. Mgonjwa aliyegombezwa kwa sababu ya jani harudi tena.

Udhu na kidonda cha mguu nafanyaje?

Watu wa pwani wengi wananiuliza. Bandeji isilowe. Dini imeweka wepesi wa kupangusa juu ya bandeji, namna yake mwulize sheikh wako. Kwa mguu mzima, baada ya udhu kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, kila mara, mara tano kwa siku hiyo ni maji mengi. Na usitembee peku kutoka bombani mpaka mlangoni mwa msikiti, sakafu ya saa saba mchana inaunguza unyayo.

Nitajuaje kama nina ganzi kabla ya kidonda?

Fumba macho, mtu mwingine akuguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kukwaruza: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, jumla sehemu sita. Sema kila ukisikia na mguu upi. Ukikosa mbili au zaidi, miguu yako iko hatarini, nenda kliniki ya sukari wakupime vizuri na ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi.

Kidonda kimefunga, naweza kuendelea na maisha?

Karibu watu 40 kati ya 100 kidonda kinarudi ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo mguu uliowahi kupona ni wa kuangaliwa zaidi. Kila jioni kagua unyayo, kama huwezi kujikunja weka kioo sakafuni au mwite mjukuu mwenye macho mazuri. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu, nimetoa humo misumari, vifuniko vya soda, na mara moja kijiko cha mtoto. Ndala za kidole gumba ziache, vaa kobazi au kiatu kilichofunika mbele chenye nafasi, kanunue jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Kucha zikatwe kwa kunyooka.

Naweza kukutumia picha nikuulize?

Tuma, ila ipigwe mchana nje kivulini, kidonda kimeoshwa hakina unga wala rangi, weka rula pembeni na tarehe kwenye karatasi, sura na jina visionekane. Niandikie sukari ya leo, dawa anazotumia, na kila kitu kilichopakwa hata kama unaona aibu. Picha haina harufu na siwezi kushika mapigo ya mguu kwenye simu, kwa hiyo nikikujibu neno moja tu "nenda", usinisubiri nieleze, beba kadi ya kliniki na ya bima muondoke.